Tansio na mafigo: makala yenu ilisahau upande mmoja

Kwa Mhariri,

Makala yenu kuhusu tansio, yaani shinikizo la damu kupanda, tumeisoma hapa maabara, na wenzangu wameikata wakaibandika ukutani. Inastahili. Mmeeleza vizuri kwamba tansio haipigi kelele, kwamba mtu anaweza kupanda hapa Bukavu kutoka mtaa wa Nyawera hadi Kadutu akiwa na 18 kwa 11 (mashine nyingine husoma 180 kwa 110) bila hata kuumwa kichwa, na kwamba dawa haziachwi kwa kuwa mashine imesoma vizuri mara moja. Ila mafigo mmeyapa neno moja tu, mwisho kabisa, kwenye orodha ya vitu vinavyoharibiwa na tansio: moyo, ubongo, macho, mafigo. Msomaji anakunja gazeti akiamini kuwa figo ni mhanga, basi. Kazi yangu ni kupima mikojo na damu, na hapo siwezi kunyamaza. Tansio huharibu figo, ni kweli. Lakini figo nalo hupandisha tansio, na kwa baadhi ya wagonjwa ndilo lililotangulia kuugua.

Wala hii si habari mpya. Mwaka 1836 Richard Bright, daktari wa hospitali ya Guy's kule London, alieleza jinsi wagonjwa waliokuwa na albumini, protini ya damu, kwenye mkojo walivyokutwa, baada ya kufa na kupasuliwa, na mafigo yaliyoharibika pamoja na moyo uliokua kupita kiasi. Mashine ya tansio ya kuvaa mkononi ilikuwa bado haijabuniwa. Alichokuwa nacho ni vidole vya kushika mshipa na kijiko cha mkojo juu ya mshumaa. Albumini ikipata moto huganda kama ute wa yai, na mkojo uliokuwa safi unakuwa na wingu jeupe. Msimcheke: bandeleti, vile vijikaratasi vya kupimia mkojo, zikituishia, nasi tunarudi kwenye moto. Tunajaza mkojo kwenye tyubu ya kioo, tunapasha sehemu ya juu tu ili ya chini ibaki ya kulinganishia, na wingu likitokea tunadondosha asidi ya siki. Likiyeyuka, zilikuwa chumvichumvi za kawaida. Likibaki, ni albumini, na mwenye mkojo huo ana jambo la kuzungumza na daktari hata kama alikuja kwa malaria.

Namna figo linavyopandisha tansio imejulikana hatua kwa hatua. Mwaka 1898 huko Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman walisaga figo la sungura, wakamdunga sungura mwingine maji yake, tansio ikapanda. Kilichofanya kazi hiyo wakakiita renini. Watu wakakisahau kwa miaka zaidi ya thelathini. Kisha mwaka 1934 Harry Goldblatt, wa Cleveland kule Marekani, alitoa matokeo ya jaribio lake: alibana kwa kibanio mshipa unaopeleka damu kwenye figo la mbwa, bila kuufunga kabisa. Moyo wa mbwa haukuguswa, wala mbwa hakuwa na madeni au watoto wa kusomesha. Tansio ikapanda.

Maelezo yake ni haya. Figo likiona damu inalifikia kidogo, linadhani mwili mzima umepungukiwa. Linamwaga renini. Renini inakata protini inayotengenezwa na ini, na kipande kinachotoka, kikipita hasa kwenye mapafu, kinageuzwa kuwa angiotensini ya pili. Hiyo hubana mishipa midogo ya damu na kuiamuru tezi iliyokaa juu ya figo itoe aldosteroni, nayo aldosteroni hulizuia figo kuachia chumvi. Chumvi ikibaki, maji yanabaki nayo. Kwa mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, mpango huu unaokoa maisha. Kwa mtu ambaye mshipa wake wa figo umezibwa na mafuta, au ambaye figo lake lina makovu, ni kosa linalorudiwa mchana na usiku.

Hata ukiacha renini, kuna hesabu ya chumvi. Mafigo mawili huchuja takriban lita 180 kwa siku kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu zote. Tunachokojoa ni lita moja au mbili. Tansio ikipanda, figo lenye afya hutoa chumvi na maji zaidi mpaka ishuke. Arthur Guyton, mtaalamu wa Mississippi, alijenga hoja yake juu ya hapo: tansio haiwezi kukaa juu miezi na miaka kama figo halijakubali kufanya kazi kwenye kiwango hicho kipya. Wako wanaosema aliipa mishipa na neva nafasi ndogo mno, na ubishi huo haujaisha. Lakini mwaka 1983 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 6 ambao mafigo yao yalikufa kwa sababu ya tansio. Walipandikizwa mafigo ya watu wasio na tansio, na miaka kadhaa baadaye tansio yao ilikuwa ya kawaida. Mwili ule ule, ukoo ule ule, figo jingine.

Sisemi kila tansio ya Bukavu imetoka kwenye figo. Wengi wenye tansio hatuwezi kuwaonyesha chanzo kimoja. Ninacholalamikia ni kwamba hapa kwetu mtu akisomwa 16 kwa 10, jibu liko tayari kabla kitambaa cha mashine hakijatolewa mkononi: "Mama, punguza mawazo." Vita, kodi ya nyumba, biashara haitoki. Mawazo yapo, nani hana? Lakini yakishatajwa, hakuna anayeuliza habari za mkojo tena.

Wanaoniuma zaidi ni watoto. Mtoto wa miaka saba alikuwa na upele wenye usaha, au koo lilimuuma, akapona. Wiki mbili au tatu baadaye anaamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho, anakojoa kidogo, na mkojo ni wa kahawia. Ukimpima tansio iko juu. Ila nani anampima mtoto tansio? Mtaani jina limeshapatikana: karuho, yaani kalishwa sumu. Anapelekwa kutapishwa, anarudi hana maji mwilini, na figo lililokuwa linaumwa sasa halipati hata damu ya kutosha. Ugonjwa huo hospitalini unaitwa glomerulonefriti: mwili ulipigana na vijidudu vya streptokoki, na mabaki ya mapigano hayo yamenasa kwenye vichujio vya figo. Watoto wengi hupona wakiangaliwa vizuri, chumvi ikipunguzwa na dawa ya kukojoa ikitolewa. Asiyeangaliwa anaweza kupata degedege kwa tansio peke yake, na hapo tena watasema ni sumu. Mtoto mwenye tansio, figo litafutwe kwanza. Makala yenu ingeweza kusema hivyo kwa mstari mmoja.

Halafu diklofenaki, dawa ya maumivu. Mama anayebeba mizigo kutoka bandarini, gunia mgongoni na kamba kwenye paji la uso, jioni kiuno kinawaka. Ananunua vidonge viwili kwa muuzaji wa barabarani, na kesho tena, na keshokutwa. Kwa mwenye afya, siku mbili tatu huenda zisimletee neno. Kwa mwenye tansio hesabu inabadilika. Figo hutumia vitu vinavyoitwa prostaglandini kuacha wazi mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia visitengenezwe. Mshipa unabana, chumvi inabaki, tansio inapanda, na dawa ya tansio aliyopewa inaonekana haifanyi kazi. Anaongezewa ya pili. Akiwa anatumia kaptopril, mojawapo ya dawa za tansio, pamoja na dawa ya kukojoa, kisha akapata kuharisha, figo linaweza kusimama. Nimeshika karatasi ya mgonjwa wa namna hiyo: kreatinini, taka ya damu ambayo figo huitoa, ilikuwa imepanda mara tatu, na hakuna aliyemwuliza kuhusu dawa za mgongo. Mwenyewe hakuzitaja. Kwake zile si dawa, ni za uchovu. Parasetamoli kwa kipimo chake ni afadhali kwa figo, na muuzaji yule yule anayo.

Kwa kuwa nimeitaja kaptopril: inakata njia ile ile ya renini niliyoieleza, na ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca. Marekani iliiruhusu mwaka 1981. Yenyewe na ndugu zake hulinda mafigo ya wenye albumini kwenye mkojo, lakini mjamzito hapaswi kuzitumia, na wengine zinawaletea kikohozi kikavu. Hao huziacha kimya kimya, wakati daktari angeweza kuwabadilishia.

Kuhusu chumvi mmesema ya kutosha. Naongeza makayabu tu, samaki wa chumvi: ilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, na isiongezewe kyubu ya mchuzi chunguni. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo ihesabiwe ile iliyokwisha kuwamo kwenye chakula kilichonunuliwa.

Ombi langu ni hili: kila mahali penye mashine ya tansio pawe na kopo la bandeleti. Kazi yenyewe ni kuchovya, kungoja dakika moja na kusoma rangi. Njano hakuna neno, kijani ni albumini. Homa au kazi nzito inaweza kuleta kijani cha kupita, kwa hiyo kipimo kirudiwe siku nyingine. Kopo lifunikwe kila mara, maana unyevu unaziharibu, na mvua za huku mnazijua. Kreatinini nayo ipimwe, lakini tukumbuke kwamba hupanda kwa kuchelewa, figo likiwa limeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Mtu mwenye kreatinini nzuri na mkojo wenye albumini haambiwi aende nyumbani salama. Wakubwa wa zoni za afya wanasoma gazeti lenu. Andikeni tena, na safari hii muanze na mkojo.

Kama nafasi ya barua ni ndogo, kateni habari za Bright na za mbwa wa Goldblatt. Ya diklofenaki msiiguse.

Mfanyakazi wa maabara,
Kadutu, Bukavu