Si kila anayetetemeka ana malaria

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze desturi ambayo nusura imwondoe mama yetu duniani: mtu akitetemeka, hata kabla hajapimwa, tumeshasema ni malaria.

Mama ana kisukari na hutumia vidonge vya kushusha sukari viitwavyo glibenklamaidi. Mwaka jana, mara tatu ndani ya mwezi mmoja, alishikwa na mtetemeko kabla ya adhuhuri, kikombe cha chai kikigonga kisahani mkononi mwake. Mara mbili za mwanzo tulimfunika blanketi tukaenda dukani kununua dawa mseto ya malaria. Muuzaji hakuuliza anatumia dawa gani, nasi hatukusema. Mara ya tatu jirani yetu, ambaye ni muuguzi, alimgusa shingo akakuta jasho la baridi na hana homa yoyote, akamchoma kidole kupima damu: sukari ilikuwa 2.6 mmol/L, yaani imeshuka mno. Mama alikuwa amemeza kidonge alfajiri, akachelewa kula.

Kwa kawaida mgonjwa wa malaria husikia baridi hadi meno yagongane, kisha mwili huchemka, na jasho humtoka homa inaposhuka. Sukari inaposhuka chini ya 3.9 mmol/L, mtetemeko na jasho huja kwa pamoja, mwili ukiwa baridi, moyo ukienda mbio, njaa ikiuma, na pengine mgonjwa akizungumza maneno yasiyoeleweka. Hata hivyo dalili peke yake hazitoshi, kwa kuwa malaria kali yenyewe, na hata kwinini inayoitibu, huweza kushusha sukari. Vipimo vyote viwili, cha malaria na cha sukari, vifanywe.

Kwa wakulima wenzangu wa mboga kuna jingine. Mtu aliyetoka kupulizia viuatilifu, nyama zikamcheza chini ya ngozi huku mate na machozi yakimtoka na mboni zikiwa ndogo kama tundu la sindano, huyo ameingiwa na sumu. Avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, akimbizwe hospitali pamoja na chupa ya dawa aliyopulizia.

Kope kucheza, ambako wengi hukusoma kuwa ishara ya mgeni au ya kilio, mara nyingi hutokana na uchovu, kukosa usingizi au kahawa nyingi, na huisha kwenyewe. Lakini mkono unaocheza na huku unakosa nguvu au kukonda unahitaji daktari.

Ninawaomba wauzaji wa dawa wamuulize kila mteja kama mgonjwa ana kisukari, na alikula saa ngapi. Nasi nyumbani, mgonjwa wa kisukari akitetemeka na bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akizimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali mara moja. Na anayetumia glibenklamaidi asiachwe alale peke yake hata akipata nafuu, apelekwe akaangaliwe, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka tena usiku.

Msomaji wako,
Lushoto