YAH: Malalamiko kuhusu kifurushi chenu cha kupokea mbwa aina ya husky

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tunawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa kijitabu mlichotia ndani ya kifurushi nacho ni cha Kiswahili, kwa ajili ya familia za hapa Phoenix, Arizona, zinazochukua husky kwenye makao ya wanyama. Kazi yetu ni kuzisaidia familia hizo miezi ya mwanzo. Vifaa vitatu mlivyofungasha vinapoteza mbwa, na ukurasa wa 9 unaweza kuwaua.

Tuanze na ukurasa huo. Mmeandika kwamba husky anyolewe mwezi Mei asisikie joto. Manyoya yake ni matabaka mawili: la ndani laini kama pamba, na la nje refu, linalokinga jua. Mbwa hujipoza kwa kuhema, si kwa kutoka jasho mwili mzima. Ukimnyoa, ngozi inachomwa na jua, na manyoya ya nje huenda yasiote tena yalivyokuwa. Kinachotakiwa ni kumchana. Mara mbili kwa mwaka tabaka la ndani hupukutika. Wakati huo achanwe kila siku kwa kitana cha meno marefu, kuanzia mapajani ambako manyoya hushikana zaidi, mpaka kitana kitoke bila kitu.

Mmeandika pia atembezwe jioni. Mwezi Julai lami ya mji huu bado ni ya moto jua likiwa limeshazama. Weka nyuma ya mkono juu ya lami kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua. Muda wake ni alfajiri, kabla ya jua kuchomoza. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi za Selsiasi 38 hadi 39. Likifika 41 ni dharura. Ufizi huwa mwekundu sana, mate huwa mazito, mbwa huyumba. Amwagiwe maji ya baridi, apepewe, akimbizwe kwa daktari wa mifugo. Kijitabu chenu hakina hata mstari mmoja juu ya hayo.

Sasa kamba ya kujikunja. Husky alizalishwa na Wachukchi wa Siberia ili avute sileji, yaani gari la kuteleza juu ya theluji, na mwaka 1925 vikosi vya mbwa vya Alaska vilikimbiza dawa ya dondakoo zaidi ya kilomita 1,000 hadi mji wa Nome. Mbwa wa asili hiyo mnampa kamba ambayo kila akivuta inarefuka! Anajifunza kwamba kuvuta kunalipa. Kishikio kikimponyoka mtu mkononi, kinarukaruka juu ya lami nyuma ya mbwa, naye kwa hofu anazidi kukimbia. Mkanda wa shingoni mliotoa haumzuii pia: shingo yake ina manyoya mengi, akirudi kinyumenyume kichwa kinachomoka. Anahitaji mkanda unaojikaza kidogo anapovuta, pamoja na mkanda wa kifuani wenye pete kwa mbele, na kamba mbili za kawaida za mita 1.8, moja kwa kila mkanda.

Uzio wa umeme usioonekana, yaani waya uliofukiwa ardhini unaofanya mkanda wa shingoni umpige mbwa mshtuko akiuvuka, ndio mbaya kuliko vyote. Akimwona paka, husky hupita mstari akiwa kasi, hajali mshtuko; hamu ya kuwinda ikiisha, mshtuko uleule unamzuia kurudi nyumbani. Ua wake uwe wa kuonekana, kimo cha mita 1.8, na chini ulazwe wavu wa sentimita 60 kuelekea ndani, maana huchimba. Pipa au benchi visiwe karibu na ua.

Familia hizi hujilaumu mbwa akitoroka, na baadhi humrudisha makaoni, ilhali zilifuata maelekezo yenu neno kwa neno. Hilo linatuumiza sana.

Tunadai haya: ukurasa wa 9 uondolewe kwenye vijitabu vilivyobaki, kamba, mikanda na uzio vibadilishwe bila malipo, na kila familia iliyonunua iandikiwe kwa Kiswahili kwamba isimnyoe mbwa. Barua hizo zitoke kabla ya Mei. Tunasubiri jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wasaidizi wa familia zinazochukua mbwa,
Phoenix, Arizona