Mafundi, tuache kuchomelea breketi kwenye chesesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa kuchomelea vyuma, pamoja na wenye magari wanaotupa kazi. Wiki iliyopita nilipita gereji moja hapa Tanga nikamkuta kijana anachomelea breketi, yaani kishikizo, ya tairi la akiba kwenye chesesi ya lori, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, tena kwenye ukingo wa chini. Usoni alikuwa na miwani ya jua badala ya kioo cha kuchomelea. Macho yale usiku yangemwasha kama yametiwa mchanga, na asubuhi angeyatia maziwa kama wanavyofanya wengi. Nilimwomba asimame kidogo. Akanijibu kwa adabu: "Mzee, hii ni breketi tu, haibebi kitu."

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Mwaka 1994 tajiri mmoja wa malori alitaka breketi ya tangi dogo la maji. Kutoboa matundu ya bolti kungenichukua nusu siku, na yeye alikuwa na haraka. Nikachomelea. Nusu saa kazi imekwisha, nikagonga ganda kwa nyundo, nikapaka rangi nyeusi, nikalipwa. Miezi saba baadaye lori lile lilikatika chesesi njiani kuelekea Moshi, limejaa saruji. Dereva alitoka mzima. Utingo alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea.

Nilikwenda kuliangalia lile gari. Ufa ulianzia pale pale ulipoishia mshono wangu, kwenye kijimfereji nilichokila kwa moto mkali pembeni mwa mshono. Chuma kilichokatika kilikuwa na sura mbili: sehemu kubwa imeshika kutu, sehemu ndogo inang'aa. Ile inayong'aa ndiyo iliyokatika siku ya ajali. Ile ya kutu ilikuwa imekatika kidogo kidogo tangu zamani, na rangi yangu ilikuwa imeifunika.

Chesesi hujipinda na kunyooka kila gari linapoingia shimoni, na mzigo ukiwa juu yake, katikati ya ekseli ukingo wa chini ndio unaovutwa zaidi. Ukichomelea hapo, chuma kilicho jirani na mshono hubadilika kwa moto, na mshono unapopoa hujikunja na kukivuta. Halafu ukiacha kijimfereji, hata cha kina cha nusu milimita, umeupa ufa mlango wa kuingilia. Ndiyo maana watengenezaji wa malori huelekeza vitu vifungwe kwa bolti kwenye ubavu wa chesesi, mbali na kingo zake.

Miaka mingi baadaye nilihudhuria kozi ya ukaguzi wa mishono. Mkufunzi akatusimulia habari za Alexander L. Kielland, jukwaa la chuma lililokuwa makazi ya wafanyakazi wa mafuta katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwe. Lilikuwa na miguu mitano mikubwa iliyounganishwa kwa mabomba mazito. Kwenye bomba mojawapo palichomelewa kishikizo cha chombo cha kusikilizia sauti chini ya maji, kwa mshono wa milimita 6. Hakuna aliyekihesabu kishikizo kile kuwa ni sehemu ya kubeba mzigo. Jioni ya Machi 27, 1980, bomba lile lilikatika kwa ufa ulioanzia kwenye mshono huo, mabomba mengine yakafuata, mguu mmoja ukang'oka, na jukwaa likapinduka. Watu 212 walikuwamo, 123 walikufa. Wachunguzi walikuta chembe za rangi ndani ya ufa. Yaani ufa ulikuwapo tangu jukwaa lingali kiwandani, na mtu akapita na rangi juu yake. Darasani nilishindwa kuinua uso. Nilikuwa namwona utingo wangu.

Leo vijana wengi wa Tanga wanatamani kazi za mabomba, hasa tangu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, lilipopangiwa kuishia hapa kwetu Chongoleani. Vizuri sana. Lakini wajue kwamba kazi za namna hiyo mshono hupigwa picha ndani. Tabaka la kwanza kabisa la mshono, lile la chini ambalo halitaonekana tena, ndilo linalotazamwa kwa makini zaidi. Aliyezoea kupendezesha juu tu hatapita majaribio, na ni haki asipite.

Kwa wenye magari: fundi akikuambia anahitaji nusu siku kutoboa, mlipe hiyo nusu siku. Kwa wenye gereji: mshono usipakwe rangi kabla mtu mwingine, si aliyeuchomelea, hajausafisha kwa brashi ya waya na kuutazama kwenye mwanga. Mnunulieni kijana kofia yenye kioo cha kuchomelea. Na pipa lililowahi kubeba mafuta, hata dizeli, hata kama limekaa wazi mwaka mzima, lisiguswe kwa moto na fundi wa mtaani. Nimemzika rafiki kwa sababu ya pipa, na sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Yule kijana wa gereji alizima mashine. Tuliiondoa breketi kwa grenda, tukalainisha mahali pake, tukatoboa matundu manne ubavuni. Jumamosi amekuja nyumbani na wenzake wawili, tukachomelea vipande vya majaribio, tukavikunja kwa jeki tuone mshono upi unafunguka. Viwili vilifunguka. Jumamosi ijayo wanarudi, na nafasi bado ipo kwa wengine. Sitozi kitu, kila mmoja aje na vijiti vyake vya kuchomelea.

Fundi mstaafu,
Ngamiani, Tanga