Barua kutoka Nizwa

Muskat, Oman

Kwako shoga yangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, hawajambo watoto, na mgongo wa mama unaendeleaje? Sisi huku wazima. Khalati, dada yake mama, anakusalimu sana na anasema wale dagaa uliompelekea wameisha zamani, kwa hiyo ujue kinachofuata.

Nimekawia kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nikaone kwa macho yangu lile ulilonituma: wenzetu wanavyogeuza nyumba za kale kuwa za wageni, kama unavyotaka kuifanya ile ya babu yako Pangani. Sasa nimeliona. Khalati alinipeleka Nizwa, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari, lami tupu katikati ya milima isiyo na hata jani. Tukalala kwenye nyumba ya wageni ya udongo, Harat al-Aqr, mtaa wa kale ulio jirani na ngome. Kwa hiyo barua hii isome fundi wako akiwa karibu.

Usidhani ni udongo wa kukandika kwenye fito kama wa kwetu. Hawa wanafyatua matofali ya udongo uliochanganywa na mabua ya ngano yaliyokatwakatwa, wanayaanika juani mpaka yakauke, hayapiti tanuruni hata kidogo. Kuta ni nene ajabu. Kwenye dirisha la chumba chetu nilikaa mimi mzima, na unaujua mwili wangu, bado pakabaki pa kuweka kikombe. Dari ni magogo ya mitende, juu yake makuti, kisha udongo tena. Mchana nje mawe yanachoma nyayo, ukiingia ndani unatafuta mtandio. Kiyoyozi kipo, wamekificha nyuma ya kimia cha mbao, ila usiku tulikizima.

Kasoro? Zipo. Ngazi zimesimama wima na milango ni mifupi, khalati alipanda huku anamtaja kila nabii. Ukuta unapukutisha vumbi, ukiuegemea na buibui unainuka mweupe mgongoni. Na intaneti haipenyi kuta zile, ukitaka kupiga simu upande juu ya paa.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Karibu na bafu niliona kipande cha ukuta kimebanduka, tonge zima. Yule mama msimamizi, ambaye kumbe kazaliwa Unguja na Kiswahili chake kinanyooka kuliko changu, akanieleza: mafundi wa kwanza walipaka saruji juu ya udongo. Saruji ni ngumu, haipumui. Unyevu ukiingia ukutani haupati pa kutokea, unabaki ndani unakula udongo taratibu, mwisho plasta inadondoka na ukuta wake. Sasa wanarudishia udongo na mabua kila panapochakaa, na pa maji wanatumia sarooj, udongo uliochomwa ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, ileile iliyojengea mifereji yao ya zamani. Kwa hiyo Mwana, ile nyumba ya babu yako Pangani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, usimruhusu mtu aipige saruji! Najua fundi atakwambia saruji inamaliza kazi kwa siku mbili. Inamaliza nyumba pia. Loweka chokaa, isubiri iive, mpake chokaa.

Na la warithi kuvutana juu ya nyumba nalo nimekuulizia. Watu wa Harat al-Aqr walihama zamani kufuata nyumba za kisasa zenye umeme na mahali pa kuegesha gari, mtaa ukabaki magofu, kila nyumba ina wenyewe chungu nzima na hakuna aliyetaka kutoa pesa peke yake. Kilichosaidia ni wenyeji kujikusanya na kuanzisha kampuni zao, watu wanaingia kwa hisa. Hakuna wa kuuza, hakuna wa kusema “hii yangu, toka”. Mjomba wako wa Korogwe mpeni hisa zake, atulie.

Haya, chakula. Kifungua kinywa tulikula juu ya paa, mnara wa ngome uko mbele yetu. Kuna mkate wao wa rakhal. Mama anashika donge la unga mbichi, analipaka juu ya bamba la chuma la moto kwa kiganja, mzunguko mmoja, anakwangua ziada, na kabla hujapepesa macho mkate umekwisha kuiva, mwembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Ndani wanaweka asali au jibini. Kwanza lakini tende na kahawa ya iliki, na kikombe usipokitikisa utajaziwa mpaka kesho. Pembeni ya sinia nikaona nini? Mandazi! Nikamtazama khalati, akacheka. Watu waliorudi kutoka Unguja na Mombasa wamerudi na majiko yao, wala hakuna anayeona ni chakula cha kigeni.

Mchana tulikula papa mkavu aliyechambuliwa na vitunguu na ndimu, nikakukumbuka. Shuwa sikuipata ya kweli. Ile nyama ya kufukiwa shimoni usiku na mchana ni ya Idi, ya mtaa mzima kuchangia shimo moja. Ya mikahawani ni nyama ya ovena iliyosingiziwa jina.

Ijumaa alfajiri tukaenda mnadani. Wenye mbuzi wanawazungusha kwenye duara huku wanataja bei kwa sauti, wanunuzi wamesimama pande zote, mzee akipendezwa anamshika mbuzi, anamfunua meno, anambonyeza kiuno, anamwachia aendelee kuzunguka. Kabla ya sala ya Ijumaa kila mtu keshaondoka.

Ngomeni nilipenda chumba cha tende kuliko mnara wenyewe, aliouinua Imamu Sultan bin Saif karne ya 17. Magunia ya tende yalipangwa juu ya sakafu yenye vijifereji, yakajikamua kwa uzito wake, asali ikatiririka hadi chunguni. Juu ya milango kuna matundu, na asali hiyohiyo ikichemshwa ndiyo iliyomwagiwa adui. Ukoo wa imamu huyo, Yaarubi, ndio uliowatoa Wareno Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, sasa nashangaa vipi Wareno walidhani watashinda.

Kwa hiyo wageni wako usiwape chipsi mayai, shoga. Wape mkate wa kumimina, papa wa nazi, na kahawa ya tangawizi barazani. Mayai watayakuta popote.

Nipimie unene wa ukuta wa sebule na urefu wa boriti zile za mikoko, uniambie ngapi zimeliwa na mchwa. Yule mama ana fundi wake anayejua chokaa, ameahidi kuniunganisha naye kabla sijapanda ndege. Na mifuko ya saruji ambayo kaka yako keshailipia, mwambie ajengee choo cha nje.

Nisalimie nyumbani kote.

Wako,
Zuhura