Kwa nini mafuta yetu ya habasoda si meusi tii

Wiki haipiti bila mteja kurudisha chupa akidai tumemuuzia mafuta ya kupikia. "Habasoda ni nyeusi, mbona haya yana rangi ya chai?" Hajati mmoja wa hapa Bombo, wilaya ya Luwero, Uganda, alituita wezi mbele ya watu. Bibi, cheusi ni ganda. Ivunje mbegu kwa jino uone ndani palivyo peupe. Ikikamuliwa bila moto, mafuta hutoka rangi ya asali iliyokolea. Ukiyakuta meusi tii, shuku kwamba mbegu zilikaangwa kwanza. Moto mkali unafukuza ile harufu ya ukali na kupunguza thaimokwinoni, kiini ambacho watafiti hukitaja zaidi.

Halafu linakuja la bei. Kilo nne za mbegu zinatupa takriban lita moja, basi, na mbegu zenyewe hazilimwi Luwero, zinatoka Ethiopia na India. Tunapepeta, tunaokota mawe, tunakamua polepole, tunayaacha yatulie mpaka mashapo yashuke, ndipo tunachuja kwa kitambaa. Mashudu wanachukua wafuga kuku. Sasa anayekuuzia lita nzima kwa bei ya kilo mbili za mbegu, muulize faida anaipata wapi. Tulishaletewa chupa ya namna hiyo tuinuse: alizeti tupu, habasoda imepita juu juu. Ya kweli inawasha kooni.

Lakini hayo ni hasara ya pesa tu. Kinachotuumiza ni wanaoacha dawa. Dereva mmoja wa teksi alinunua chupa mbili, akaweka kando vidonge vya presha kwa sababu eti vinamchosha. Akalazwa. Ndugu zake walikuja kudai pesa, na bili ya hospitali ingenunua katoni nzima ya mafuta yetu. Hatukurudisha. Kibandiko kinasema wazi kwamba haya si badala ya dawa. Tafiti kadhaa zinaonyesha habasoda huweza kushusha presha na sukari, ila kwa kiasi kidogo. Ukichanganya na vidonge, vyote viwili vinashusha, kwa hiyo daktari lazima ajue. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Anayengoja upasuaji aache wiki mbili kabla. Mama mjamzito hatumuuzii, hata akituma boda.

Wapo wanaotusomea hadithi ya Mtume, kwamba ndani yake mna shifa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Nasi tunaiamini. Mtume huyohuyo alituamrisha tujitibu.

Kijiko kimoja cha chai kwa siku, baada ya chakula. Kwenye ngozi, jaribu tone moja mkononi kwanza, maana wengine huvimba. Usikaangie mayai, na usiyahamishie kwenye chupa ya soda ukaiweka dirishani, mwanga huyaharibu. Na chupa iliyokwisha kufunguliwa haturudishi pesa yake, hata ukiapa kwamba si nyeusi.