Hadithi za wanyama zianze na kilima halisi

Ndugu Mhariri,

Hadithi nyingi za wanyama wanaosema hutokea "katika msitu mmoja". Msitu huo hauna mto wenye jina wala upande unakotoka upepo, na sungura huumaliza wote kabla ya chakula cha mchana. Mtoto wa Mwanza anausoma msitu huo ilhali nje ya dirisha lake kuna mawe yaliyobebana ya Igogo na Mabatini.

Richard Adams wa Uingereza, katika Watership Down (1972), aliwapitisha sungura wake kutoka Sandleford hadi vilima vya Hampshire, na msomaji anaweza kuifuata njia hiyo kwa miguu, ramani mkononi. Sisi wa Mwanza tunayo Capri Point, mtaa wa vilima kando ya Ziwa Victoria, na kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013.

Anayetaka kuandika achague kilima kimoja tu. Ahesabu hatua zake. Kila hatua 20 ziwe sentimita 1 kwenye karatasi, aonyeshe nyufa, vichaka na maji. Kisha ainame mpaka macho yawe kama sentimita 30 kutoka ardhini, kimo cha pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe anayefanana na sungura asiye na masikio marefu. Nyasi za magotini zitakuwa msitu mkubwa kuliko wowote wa kubuni. Arudi usiku pia: mchana upepo hutoka ziwani, usiku hutoka nchi kavu, kwa hiyo adui anayenuswa saa nane mchana huenda asinuswe saa nane usiku.

Wengi hukosea kwenye tabia za wanyama. Pimbi hawezi kudhibiti joto la mwili vizuri, ndiyo maana asubuhi huota jua juu ya jiwe kwanza. Ukimsafirisha alfajiri kwenye mvua, anayemjua atakifunga kitabu. Akienda kula, haendi mbali na mawe, maana tai yuko juu. Hujisaidia mahali pamoja miaka nenda rudi, na mkojo ukikauka huacha michirizi myeupe ambayo mgeni hudhani ni chokaa. Mpaka wa ufalme wa hadithi yako umeshachorwa hapo. Wa nini kubuni mwingine? Mjusi dume wa kwenye mawe, mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, kweli hukaa juu ya jiwe akitikisa kichwa kuwafukuza madume wenzake. Mlinzi huyo! Chini kwenye mafunjo wapo fisi maji na kenge, mwizi wa mayai.

Tunawaomba wachapishaji waweke ramani ukurasa wa kwanza wa vitabu hivi. Nanyi, ukurasa wenu wa watoto unatosha kuanzia: hadithi moja, na ramani ya kilima chake robo ukurasa.

Wasomaji wenu,
Kirumba, Mwanza