Karatasi kwanza, ufunguo baadaye

Mhariri,

Mwenye gari la dizeli hapa Nairobi akiona taa ya DPF, yaani chujio la moshi wa dizeli, imewaka, huambiwa achague moja kati ya mambo mawili: anunue DPF nyingine kwa maelfu mengi ya shilingi, au aitoe matumbo, yaani chujio la ndani liondolewe, ili gari "lipumue". Naandika kwa kuwa mara nyingi majibu yote mawili si sahihi, na kwa kuwa anayeambiwa hivyo huwa ameshakabidhi ufunguo bila kuandikiana chochote na gereji. Ugomvi huanzia hapo.

DPF ni chujio la kauri lililo ndani ya bomba la moshi. Kazi yake ni kunasa masizi. Masizi yakizidi kiwango, kompyuta ya gari hudunga dizeli ya ziada ili joto la moshi lipande hadi karibu nyuzi 600, nayo yaungue. Hilo huhitaji takriban robo saa au zaidi, gari likiwa linatembea. Anayetoka Buruburu kwenda mjini kwa Jogoo Road asubuhi hapati robo saa ya mwendo. Hupata foleni, kisha anazima injini kazi ikiwa nusu. Siku za namna hiyo zikifuatana, taa huwaka.

Kwa hivyo tiba ya kwanza ni mafuta na muda. Hakikisha tangi lina zaidi ya robo, kwa maana magari mengi hukataa kuchoma masizi mafuta yakiwa kidogo. Acha injini ipate joto, kisha endesha kwa kilomita 60 hadi 80 kwa saa bila kusimama, katika gia itakayoweka injini juu kidogo ya mizunguko 2,000 kwa dakika. Expressway kutoka Mlolongo hadi Westlands ni kilomita 27; kwa kasi ya 80 hizo ni dakika 20 mfululizo. Southern Bypass usiku, au Thika Road nje ya saa za msongamano, pia hufaa. Lakini taa ya DPF ikianza kumetameta, au taa ya injini ikiwaka pamoja nayo na gari likakosa nguvu, usiendelee kulilazimisha. Hapo linahitaji mashine ya kusoma kompyuta, na fundi anayeelewa anachosoma.

Nasisitiza kuelewa, kwani mashine haisemi "nunua DPF". Husema tu kwamba shinikizo la moshi limezidi au kwamba masizi hayajaungua. Sababu ni lazima itafutwe. Kuna kihisi cha shinikizo chenye vipira viwili vinavyotoka kwenye bomba la moshi. Vipira hivyo hupasuka au kuziba. Washa swichi bila kuwasha injini: kipimo cha kihisi kinapaswa kuwa sifuri au karibu sana na sifuri. Kikisoma vingine, kihisi ndicho kibovu, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya DPF. Mwenye gari ana haki ya kusimama kando ya fundi na kuona namba hiyo kwa macho yake.

Sababu nyingine tumeileta wenyewe. Mafundi wetu wengi wana mazoea ya kung'oa thamostati wakisema nchi yetu ina joto. Thamostati ndiyo huzuia maji ya radieta hadi injini ifike nyuzi 80 na kitu. Ikiondolewa, injini hukaa baridi asubuhi nzima na kompyuta haitakubali kuanza kuchoma masizi kamwe. Nani angedhani kipuri kidogo kama hicho, kilichotupwa miaka miwili iliyopita kwa sababu ya radieta, ndicho kinachoziba bomba la moshi leo? Kagua pia paipu ya intakula (kipoza hewa) inayovuja upepo wa tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini; valvu ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, iliyoganda kwa masizi; na injekta, inayopulizia dizeli ndani ya injini, inayodondosha. DPF mpya ikifungwa kabla ya mambo hayo kurekebishwa itaziba tena katika miezi michache, na hapo gereji itasema dizeli yetu ni mbaya.

Oili nayo ina makosa yake. Injini yenye DPF hutaka oili yenye majivu kidogo, yaani mabaki yake ikiungua. Tafuta alama ya C2 au C3 kwenye mkebe, au DL-1 kwa magari mengi ya Japani. Majivu ya C3 hayazidi asilimia 0.8. Oili ya kawaida ya malori, ile 15W-40 yenye alama ya CI-4, ni nzuri kwa injini iliyotengenezewa, lakini majivu yake hubaki ndani ya chujio, na tofauti na masizi, majivu hayaungui. Yakishajaa, chujio hutolewa na kusafishwa kwa mashine maalumu ya maji na hewa. Kumwagia asidi kando ya barabara ni kuliua.

Tena, pima oili kila wiki, hata kama gari halivuji. Dizeli inayodungwa kwa ajili ya kuchoma masizi, kazi ikikatizwa mara kwa mara, huteremka hadi kwenye oili na kuipandisha. Kwenye injini za dizeli za Mazda CX-5, kijiti cha kupimia kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo, ibadilishwe mara moja. Oili iliyozimuliwa na dizeli hula beringi za kranki, na gharama ya hilo ni injini nzima. Furaha ya kuona oili "haipungui" imewaponza wengi.

Kuhusu kutoa matumbo ya DPF, nitasema wazi: ni kosa. Kompyuta lazima ichezewe ili isilalamike, injekta inayodondosha inaendelea kudondosha hadi itoboe pistoni, na masizi yote yanamwagwa pale stejini wanaposubiri watoto wa shule. Masizi ya dizeli ni chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Hakuna akiba ya fedha inayostahili hilo.

Sasa dizeli yenyewe. Januari 2015 kiwango cha juu cha salfa kwenye dizeli ya Kenya kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500 za awali. Kwa hivyo kisingizio kwamba mafuta yetu yote ni machafu kimepitwa na wakati. Kilichobaki ni uchakachuaji na maji. Mafuta ya taa yalichanganywa sana katika dizeli yalipokuwa na bei ya chini, na ndiyo maana serikali iliyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa kutosha. Pampu ya injini za kisasa, inayosukuma dizeli kwa shinikizo la hadi bar 1,600 na zaidi, hulainishwa na dizeli hiyo hiyo; ikikosa ulainishaji husagika, na unga wa chuma huingia kwenye injekta zote. Fundi akikuambia pampu imekufa, mwambie afungue filta mbele yako na kumimina kilichomo kwenye chombo cheupe. Chenga zinazometameta maana yake mfumo mzima lazima usafishwe, pamoja na tangi na paipu. Kubadilisha pampu peke yake hapo ni kutupa pesa.

Maji ni rahisi zaidi kushughulikia. Chini ya filta nyingi kuna skrubu ya kumwagia maji. Ilegeze kila mwezi, ukinge chupa ya kioo, na uifunge dizeli safi ikianza kutoka. Badilisha filta kila kilomita 10,000 hata kama kitabu cha gari kinakubali zaidi.

Ukishuku kituo cha mafuta, ushahidi huharibika haraka. Usijaze tena tangi. Chukua sampuli mbili, ya lita moja kutoka kwenye tangi na nyingine kwenye filta, katika vyombo safi vya kioo au bati. Ziandike tarehe na saa na kuzifunga mbele ya shahidi. Weka risiti yenye namba ya pampu. Peleka malalamiko kwa EPRA, mamlaka inayosimamia mafuta, na ukihitaji matokeo ya maabara, KEBS, shirika la viwango, iko Popo Road. Na mhudumu akikuwekea petroli kwa bahati mbaya, usiwashe hata swichi, kwa kuwa magari mengi yana pampu ya umeme ndani ya tangi inayoanza kusukuma papo hapo. Gari lisukumwe kando na tangi limwagwe. Hasara hiyo ni ndogo. Ikishapita kwenye injekta ni kubwa.

Injekta ndizo huleta kesi nyingi. Fundi husema zote nne zimeharibika. Mwombe afanye kipimo cha marejeo, yaani cha mafuta yanayorudi kutoka kwenye injekta: kila injekta huunganishiwa chupa yake, injini ikiunguruma taratibu, na ile inayojaza chupa haraka kuliko wenzake ndiyo inayovuja. Kipimo hiki ni cha dakika chache. Zikinunuliwa nyingine, kwa mfano za mitumba kutoka Kirinyaga Road, angalia kama zina namba ndefu iliyochongwa juu. Namba hiyo lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo kompyuta itapima mafuta kwa hesabu ya injekta ya zamani na gari litatetemeka au kutoa moshi. Washa za shaba, zile pete ndogo zinazoziba chini ya injekta, ziwe mpya. Kwenye injini ya Toyota 1KD, iliyo kwenye Prado na Hilux nyingi, washa hizo zikivujisha gesi hupeleka masizi kwenye oili hadi chujio la oili lililo ndani ya sampu, karai la oili chini ya injini, linaziba na injini inakosa oili.

Yote haya hayamsaidii mtu asiye na karatasi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari, na inanihuzunisha kwamba ni wachache wanaoijua. Gereji inapaswa kukupa makadirio kabla ya kazi. Ikishakupa, haiwezi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake. Makadirio ya shilingi 60,000 hayawezi kugeuka 95,000 kwa sababu "tuliona kitu kingine". Kitu kingine kinahitaji idhini yako. Vipuri vilivyotolewa ni haki yako kurudishiwa, isipokuwa uliposema mwanzoni huvitaki. Vipuri vipya au vilivyokarabatiwa, pamoja na kazi ya kuvifunga, vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000. Maandishi ya ukutani kwamba kazi ikitoka gereji haina dhamana hayafuti sheria.

Kwa hivyo kabla ya kukabidhi ufunguo, piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita na taa zinazowaka. Andikeni tatizo kwa maneno yako wewe, si ya fundi: "gari linakosa nguvu mlimani", badala ya "badilisha tabo". Ukiandika ubadilishiwe tabo na shida ikabaki, gereji imetimiza ulichoagiza. Kila kipuri kiandikwe kama ni kipya, cha mitumba au kilichokarabatiwa, kwa sababu neno "original" halimaanishi chochote mbele ya hakimu. Lipa kwa namba ya till ya gereji, kamwe si kwa simu ya fundi binafsi, na udai ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi. Pesa iliyotumwa kwa simu ya mtu inaweza kukanwa na mwenye gereji, na mara nyingi hukanwa.

Mkikosana wakati gari liko ndani, usivunje lango. Gereji ina haki ya kulishikilia hadi ilipwe kazi mliyokubaliana. Kama unalihitaji, lipa, andika kwenye nakala yao na yako kwamba unalipa huku ukipinga, kisha upeleke gari kwa fundi wa pili akaandike alichokuta kabla hajagusa kitu. Fundi wa pili akifungua kwanza na kuandika baadaye, umepoteza ushahidi wako bora.

Baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Wakili si lazima, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Peleka barua ya madai kwanza, ukieleza unachodai na kwa siku ngapi, maana hakimu atauliza kama uliwapa nafasi.

Ombi langu kwa idara zinazohusika ni dogo. Vituo vya mafuta hubandika bei mahali ambapo kila dereva anaiona. Gereji nazo, kuanzia Industrial Area hadi Kariobangi, zitakiwe kubandika mambo manne: makadirio kwa maandishi, asilimia 10, vipuri vya zamani kurudishwa, na siku 90 za dhamana. Yabandikwe kwa Kiswahili, juu ya meza ambapo ufunguo hupokelewa.

Msomaji wenu,
South B, Nairobi